Wazee wawili wa Råsunda

 Sisi tuko huku Stockholm. Najua nimekuwa kimya mno, na shangazi ameshanitumia ujumbe kuuliza kama nimemezwa na theluji. Hapana shangazi, ni kazi tu, na giza. Na kwa mara nyingine tena, kwa faida ya mjomba: niko Uswidi, siyo Uswisi. Saa na chokoleti ni za wale wengine.

Leo nataka kuwaandikia historia kidogo, ila imetokana na jambo la nyumbani kwetu. Wengi wenu mnajua kwamba mdogo wangu anafundisha timu ya mpira wa kikapu ya chuo pale Tanga. Mwezi uliopita alinipigia usiku, sauti imemwisha kabisa. Wamepoteza mechi nne mfululizo. Akaniambia, "Kaka, mfumo ni mzuri, wachezaji ndio hawauwezi." Mfumo wenyewe ameutoa kwenye video za timu za vyuo vya Marekani: wachezaji wote watano wanakaa nje ya eneo, chini ya kikapu hakai mtu, mpira unazunguka haraka, halafu mtu anatupa pointi tatu. Nikamwuliza, una watupaji wa pointi tatu wangapi? Kimya. Nikamwuliza, uwanja wenu siku hizi una paa? Akacheka. Jamani, watu wanatupa kutoka mbali huku upepo wa bahari unapuliza na ringi moja imeinama, halafu tunasema wachezaji hawauwezi mfumo!

Lakini lililonikaa moyoni ni jingine. Anataka kumwacha senta wake. Ni kijana mkubwa, mzito, yuko mwaka wa mwisho, amechezea timu hiyo tangu alipoingia chuoni. Chuo kinalipa nauli na posho ya wachezaji kumi tu wa kusafiri, kwa hiyo akiachwa ndiyo basi, amemaliza. Mdogo wangu anasema, "Hakimbii, kaka." Nikamwuliza, mikono yake je? Akasema mikono anayo, tena anaona pasi kuliko wote, ila hakimbii. Nikamwambia nipe siku chache nitakuandikia. Sasa namwandikia, na nanyi mnasoma juu ya bega lake.

Ukipanda treni ya chini ya ardhi hapa mjini, ile njia ya bluu, ukashuka Solna centrum, unatokea kwenye stesheni iliyochongwa kwenye mwamba, juu imepakwa rangi nyekundu kama moto na chini kuna msitu wa kijani. Toka nje, tembea kidogo, utafika mahali palipokuwa na uwanja wa Råsunda. Nasema palipokuwa, kwa sababu mechi ya mwisho ilichezwa Novemba 2012 na mwaka uliofuata wakaanza kuubomoa. Leo ni maghorofa ya kuishi na maofisi, watoto wanaendesha baiskeli. Mimi hupita hapo mara kwa mara, na mpaka leo sijazoea. Fainali ya Kombe la Dunia ilichezwa hapa, tarehe 29 Juni 1958. Pelé alilia hapa, akiwa na miaka 17, akiegemea bega la kipa wake Gilmar.

Habari za Pelé mnazijua. Mimi leo nataka habari za waliofungwa.

Kocha wa Uswidi alikuwa Mwingereza, George Raynor. Kwao hakuna aliyemjua. Alizaliwa 1907 katika eneo la migodi ya makaa ya mawe huko Yorkshire, akacheza mpira wa kawaida tu kwenye timu ndogo ndogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo jeshini, akapelekwa Iraki, na huko Baghdad akakusanya timu na kuifundisha. Sifa zake zikamfikia Stanley Rous, mkubwa wa chama cha mpira cha Uingereza, na Waswidi walipoomba kocha mwaka 1946 akatumwa yeye. Miaka miwili baadaye Uswidi ikachukua medali ya dhahabu ya Olimpiki ya London, ikiwafunga Wayugoslavia 3-1 pale Wembley.

Kwenye nusu fainali ya Olimpiki hiyo dhidi ya Denmark kuna kioja ambacho lazima niwape. Mshambuliaji wa kati wa Uswidi, Gunnar Nordahl, zima moto kwa kazi yake, aliona yuko kwenye nafasi ya kuotea. Basi akakimbilia ndani ya goli la Wadenmark, akasimama wavuni, nje ya uwanja kabisa. Mwenzake Henry Carlsson akapiga kichwa, mpira ukaingia, na Nordahl akaudaka mle mle ndani ya wavu. Refa akakubali goli. Kwetu mtaani refa huyo asingefika nyumbani salama.

Sasa sikilizeni kilichompata Raynor baada ya dhahabu hiyo. Uswidi wakati ule mpira ulikuwa wa ridhaa, wachezaji wana kazi zao, hawalipwi. Waitaliano wakaja na fedha. Mwaka 1949 Nordahl akaenda AC Milan, halafu Gunnar Gren na Nils Liedholm wakamfuata, na Waitaliano wakawaita kwa jina moja, Gre-No-Li. Chama cha mpira cha Uswidi kilikuwa na sheria kwamba anayelipwa haichezei timu ya taifa. Kwa hiyo Raynor akapoteza karibu safu yake yote ya mbele, siyo kwa kuumia wala uzee. Walihamia nje kutafuta maisha, ndugu zangu. Naielewa sana hadithi hiyo.

Akaanza upya. Kwenye Kombe la Dunia la 1950 huko Brazili alikwenda na vijana wengi wapya, wakawafunga Italia 3-2, wakachapwa na wenyeji 7-1, wakaifunga Hispania 3-1 na kuwa wa tatu. Waitaliano wakaja tena na begi lao! Safari hii wakaondoka Lennart Skoglund, Hasse Jeppson na wengine. Akaanza upya mara ya tatu, akapata shaba ya Olimpiki ya Helsinki 1952. Tarehe 15 Novemba 1953 timu yake ikatoka sare 2-2 na Hungaria pale Budapest, Hungaria ile ya Puskás ambayo siku kumi baadaye iliwafunga Waingereza 6-3 Wembley. Mtu ambaye kila baada ya miaka miwili wachezaji wake wananunuliwa hawezi kuwa na mfumo wake mwenyewe. Inambidi kila mara awatazame waliobaki na kuuliza: hawa wanajua nini?

Ilipofika 1958, Uswidi wakiwa wenyeji, chama kikalegeza kamba. Wanaolipwa ruhusa kurudi. Ila Nordahl alikuwa ameshapitwa na wakati. Waliorudi ni Liedholm, umri miaka 35, na Gren, miaka 37, ambaye tayari alikuwa amesharudi kwao Gothenburg. Pamoja nao Skoglund kutoka Inter, beki Bengt Gustavsson kutoka Atalanta, na kijana Kurt Hamrin, miaka 23, ambaye msimu huo alikuwa akichezea Padova.

Hebu fikirieni namba 8 na namba 10 wenye jumla ya miaka 72. Kwenye mpira wa siku zile, mfumo wa W na M, namba 8 na 10 ndio punda wa timu. Wanarudi nyuma kusaidia viungo, wanapanda mbele kufunga, wanarudi tena, dakika tisini, na wachezaji wa akiba wa kuingia hawakuwepo. Kocha mwenye mfumo kichwani angesema wazee hawa hawaufai. Wengine walisema hivyo hivyo.

Raynor hakuubadilisha mfumo kwenye karatasi. W na M ilibaki pale pale. Alichobadilisha ni nani anakimbia. Gren na Liedholm wakakaa nyuma kidogo, katikati, na kila mpira ukapitia kwao. Wao hawakufuata mpira, mpira uliwafuata wao. Walikuwa wanatawala mwendo: wakitaka timu ipumzike wanaushikilia na kupigiana pasi fupi, wakitaka kuua wanautuma pembeni. Na pembeni kulikuwa na Hamrin kulia na Skoglund kushoto, watu wawili ambao kila beki wa Ulaya aliwaogopa. Mshambuliaji wa kati, Agne Simonsson, akawa anahama hama kuwaachia mawinga nafasi ya kuingia ndani. Kwa ufupi, akili ya wazee na miguu ya mawinga. Ukimweka Hamrin kwenye nafasi ya Gren timu inakufa, na ukimtaka Gren akimbie kama Hamrin inakufa vile vile.

Pale Råsunda wakaifunga Mexico 3-0 na Hungaria 2-1, wakatoka sare tasa na Wales, halafu robo fainali wakaitoa Urusi ya Kisovieti 2-0. Nusu fainali ikachezwa Gothenburg, 24 Juni, dhidi ya Ujerumani Magharibi, mabingwa watetezi. Wajerumani wakatangulia, Skoglund akasawazisha. Kipindi cha pili beki wa Wajerumani Juskowiak akampiga Hamrin teke la hasira akatolewa nje (kadi nyekundu hazikuwepo bado, zilikuja 1970, refa alikuonyesha mlango kwa kidole). Halafu Fritz Walter akaumia. Dakika ya 81 nani akafunga? Gren, mzee wa miaka 37, kwa shuti la mbali. Na dakika ya 88 Hamrin akafunga lile goli ambalo Waswidi wanalisimulia mpaka leo: alikuwa na mpira pembeni, anatembea polepole kama mtu anayepoteza muda kusubiri filimbi, Wajerumani nao wakalegea, mara akachomoka kama panya aliyeona paka, akapita mabeki na kufunga. 3-1.

Jirani yangu mmoja, mzee wa hapa hapa, alikuwa mtoto mwaka ule. Ananiambia siku ile baba yake, ambaye hakuwahi kupandisha sauti nyumbani, alipiga meza mpaka kikombe cha kahawa kikavunjika, na mama yake hakusema kitu.

Sasa tugeukie upande wa pili, maana Brazili nao walifika Uswidi na tatizo kama la mdogo wangu. Kocha wao Vicente Feola alikuwa na mfumo mzuri, 4-2-4. Alikuwa amefanya kazi na Mhungaria Béla Guttmann pale São Paulo mwaka 1957. Mechi ya kwanza wakaifunga Austria 3-0, ya pili wakatoka 0-0 na Uingereza, na hofu ikaingia. Nje ya timu wamekaa Garrincha, Zito na Pelé. Garrincha miguu yake ilikuwa imepinda, yote miwili upande mmoja, na mwanasaikolojia wa timu, João Carvalhaes, alikuwa amewapima wachezaji kwa maswali na michoro akasema Garrincha hafai kwa mechi nzito na Pelé bado ni mtoto. Feola akawapanga wote dhidi ya Wasovieti, pamoja na Zito. Wakashinda 2-0 na hawakurudi nyuma tena. Wales 1-0, goli la Pelé. Ufaransa 5-2 pale Råsunda, matatu ya Pelé.

Na 4-2-4 yenyewe? Tazameni winga wa kushoto, Mário Zagallo. Kwenye karatasi ni mshambuliaji. Uwanjani alikuwa anarudi mpaka katikati kuwasaidia Didi na Zito, kwa sababu upande wa kulia kuna Garrincha, na Garrincha harudi nyuma, hakuna wa kumwambia arudi. Mmoja anafanya kazi ya ziada ili mwingine aachwe awe alivyo. Baadaye walimu wa mpira wakauita 4-3-3. Mimi naona ulizaliwa kwenye mapafu ya Zagallo na miguu iliyopinda ya Garrincha.

Fainali. Mvua ilikuwa imenyesha, uwanja umelowa. Raynor alikuwa ametabiri kwamba Wabrazili wakitanguliwa watachanganyikiwa. Dakika ya 4 tu Liedholm akapokea mpira ukingoni mwa eneo la hatari, akamhadaa wa kwanza, akamhadaa wa pili, akauweka chini pembeni. 1-0. Mpaka leo hakuna mtu mzee kuliko yeye aliyefunga kwenye fainali ya Kombe la Dunia. Råsunda ikalipuka. Didi akauokota mpira wavuni, akautembeza mpaka katikati polepole, kama mtu anayetoka sokoni, akiwatuliza wenzake. Hapo utabiri wa Raynor ukafa.

Dakika ya 9 Garrincha akampita beki wa kushoto Axbom, akapiga krosi ya chini, Vavá akafunga. Dakika ya 32, mahali pale pale, namna ile ile, Vavá tena. Kipindi cha pili Pelé akautuliza mpira kifuani, akaupitisha juu ya kichwa cha Gustavsson, akaupiga kabla haujagusa chini. Zagallo la nne, Simonsson akarudisha moja, Pelé akamalizia kwa kichwa. 5-2. Umati wa Waswidi ukawapigia makofi Wabrazili, nao wakazunguka uwanja wamebeba bendera ya Uswidi.

Mdogo wangu, najua utasema: kumbe wazee walifungwa! Ndiyo, walifungwa. Na sitakudanganya, udhaifu wao ulionekana siku hiyo. Axbom alihitaji mtu wa kumsaidia kwa Garrincha, na mwenye mapafu ya kukimbia kurudi upande ule hakuwepo, Liedholm hangeweza kwa umri wake. Kila unachokipata kwa mchezaji kina bei. Lakini jiulize, bila wazee hao Uswidi ingefika wapi? Mpaka leo haijawahi kucheza fainali nyingine. Wamepita akina Brolin, akina Larsson, akina Zlatan, hakuna aliyefika.

Na kwa kuwa utasema huo ni mpira wa miguu, chukua wa kwetu, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam. Alianza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15, mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Kocha Jim Calhoun alikuwa ameshachukua ubingwa wa vyuo 1999 na 2004, tena kwa timu za kukimbia. Akaletewa kijana wa futi saba na inchi tatu ambaye mchezo wa kugeuka na kufunga chini ya kikapu bado anajifunza. Hakumlazimisha awe mfungaji mkuu. Alimjengea timu kuanzia nyuma: magadi wakawabana wapinzani mbali, maana wakipitwa nyuma kuna ukuta, na mpira uliozuiwa ukawa ndio mwanzo wa shambulizi. Januari 2009 dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 na mipira 10 aliyoizuia. Aprili mwaka huo wakafika nne bora, wakatolewa na Michigan State 82-73. Bei ilikuwepo hapo pia: Februari, DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi lakini mpana kama kabati, alimsukuma Thabeet mpaka akamrusha juu ya bega, akaondoka na ribaundi 23. Calhoun hakumtupa benchi kwa ajili hiyo.

Raynor je? Mnaweza kudhani aliyeifikisha nchi fainali aliporudi kwao alipokelewa kwa ngoma. Alikwenda kufundisha Skegness Town, timu ya mji mdogo wa pwani ambayo hata ligi kuu za Uingereza haimo. Oktoba 1959 akarudi na Uswidi Wembley akawafunga Waingereza 3-2, magoli mawili ya Simonsson. Hata baada ya hapo kwao hawakumpa kazi kubwa. Alifariki 1985. Pelé ametutoka Desemba 2022, Zagallo Januari 2024, na mwezi mmoja baadaye Hamrin. Aliyeicheza fainali ile na bado yuko hai hayupo tena, na uwanja wenyewe ndio hivyo.

Juzi mdogo wangu amepiga tena. Nilikuwa nimeshamsimulia nusu ya haya kwa simu. Anasema amejaribu mazoezini kumweka yule senta kwenye mstari wa mitupo huru, mgongo kwa kikapu, kila mpira unaanzia kwake, na wale vijana wawili wadogo wepesi wanampita mmoja kushoto mmoja kulia, anawapa mkononi. Pointi tatu wameziacha kwanza, labda upepo ukitulia. Anasema siku ya kwanza vijana walilalamika kwamba mchezo umekuwa wa kizee. Siku ya pili wakaacha kulalamika. Kurudi nyuma kuzuia bado ni tatizo, senta anafika wapinzani wameshafunga, kwa hiyo mmoja wa wale wepesi sasa kazi yake ni kutogombea ribaundi kabisa, anarudi tu. Nikamwambia huyo mwite Zagallo. Hakumjua, sasa anamjua.

Jumamosi wanacheza ugenini na orodha ya wachezaji kumi ilibandikwa jana ubaoni. Senta yumo. Mama ameniambia wakati anaiandika alikuwa anafuta na kuandika upya mpaka usiku. Nikipata matokeo nitawaandikia, mkiyapata kabla yangu niandikieni ninyi. Msalimieni bibi, na mwambieni kitenge amekipata yule mama wa Kihaya niliyemtuma, atakileta Pasaka.